Kukata bodi za saruji nyumbani bila kuijaza nyumba vumbi

«Ninaishi Jinja, Uganda, mtaa wa Walukuba. Tunatengeneza bafu jipya ndani ya nyumba, na tulinunua bodi 14 za saruji za milimita 6 kwa ajili ya kuta na dari. Siku ya kwanza mvua ilinyesha, basi fundi akakatia bodi tatu sebuleni kwa grainda. Nyumba nzima ikawa nyeupe. Usiku huo mtoto wangu wa miaka saba, ambaye ana pumu, alibanwa kifua hadi tukamkimbiza kliniki. Fundi aliniambia tununue maziwa tunywe sote ili yasafishe kifua. Shemeji yangu anasema dawa ni kuimwagia grainda maji wakati inakata. Mimi bado nina barakoa za wakati wa korona. Zimebaki bodi 11. Je, ninaweza kuzikata mwenyewe bila vumbi? Na hili tulilokwisha kulivuta litatudhuru? Jirani ameniogopesha kwamba hizi ni asbesto.»

Dada yangu, pole kwa usiku ule, na umefanya vyema kusimamisha kazi kabla bodi zote hazijakatwa. Nimelisoma swali lako mara mbili kwa sababu ndani yake kuna maswali matatu yaliyofungwa katika furushi moja: namna ya kukata bodi zilizobaki, hatari ya vumbi lililokwisha kuingia vifuani mwenu, na vumbi ambalo bado limelala ndani ya nyumba yako, ambalo hukuliuliza waziwazi lakini ndilo linalonitia wasiwasi zaidi.

Nitangulize majibu mafupi. Ndiyo, bodi hizo 11 zinaweza kukatwa kwa vumbi kidogo sana, tena na mtu ambaye si fundi, mradi grainda iwekwe kando kabisa. Vumbi la alasiri moja haliwaletei watu wazima wa nyumba yako ule ugonjwa wa mapafu unaowapata wachonga mawe, kwa kuwa ugonjwa huo kwa kawaida hujengeka kwa miaka mingi ya kazi. Mtoto mwenye pumu, hata hivyo, ana hesabu yake peke yake, na kwake hata vumbi kidogo ni jambo la leo.

Kuhusu neno la jirani, bodi mpya zinazouzwa sasa kwa kazi za ndani kwa kawaida hushikamanishwa na nyuzi za selulosi zitokanazo na miti, au kwa wavu wa nyuzi za kioo, wala si asbesto. Watengenezaji wengi huchapisha jambo hilo mgongoni mwa bodi au katika karatasi ya maelezo ya bidhaa. Zipo nchi ambazo bado hutengeneza bidhaa za saruji zenye asbesto, kwa hiyo ikiwa zako hazina chapa yoyote, rudi dukani ulikonunua uombe karatasi hiyo kabla ya kukata hata sentimita moja. Jirani yako hakukosea kuiogopa asbesto. Alikosea mahali pa kuitafuta. Katika miji yetu inapatikana zaidi katika mapaa ya kijivu yenye mawimbi na kuta za bodi za majengo ya miaka ya 1950 na 1960. Ukikuta bodi kuukuu za namna hiyo katika kubomoa bafu la zamani, usizikate, usizivunje, usizitoboe. Ziache zilipo na uulize NEMA, Mamlaka ya Taifa ya Usimamizi wa Mazingira, namna ya kuziondoa. Yote nitakayoeleza hapa chini yanahusu bodi mpya zisizo na asbesto.

Sasa tulitazame vumbi lenyewe, maana ukilielewa, maagizo yatakayofuata utayakumbuka bila kuyakariri. Bodi ya saruji imetengenezwa kwa saruji, nyuzi, na mchanga uliosagwa. Saruji ina ukali wa kemikali unaochoma macho na ngozi yenye jasho, lakini madhara hayo huonekana wazi. Mchanga ndio unaodhuru kimyakimya, kwa kuwa una fuwele za silika, madini yaleyale yanayong'aa katika mchanga wa ufuoni mwa ziwa. Mchanga wa ufuoni haumdhuru mtoto anayecheza kwa sababu punje zake ni kubwa mno kuvutwa hadi ndani ya mapafu. Madhara huanza pale mchanga huo unaposagwa upya.

Unywele wa mtu una unene wa takribani maikromita 70 (maikromita elfu moja hufanya milimita moja). Punje ya silika inayoweza kufika kwenye vifuko vya hewa, kule mwisho kabisa wa mapafu, ni ya takribani maikromita 4 au chini yake, hivi kwamba unaweza kupanga punje zaidi ya kumi na tano kwenye upana wa unywele mmoja. Punje kubwa kuliko hizo hunaswa na vinyweleo vya pua na ute wa koo, kisha hutoka kwa chafya na makohozi. Ndiyo maana siku ile mlipenga kamasi nyeupe na kutema mate yenye vumbi. Punje ndogo huupita ulinzi huo wote. Zikifika kwenye vifuko vya hewa, chembe za ulinzi za mwili huja kuzimeza kama zinavyomeza vijidudu, lakini silika haiyeyuki tumboni mwao, bali huziua. Chembe iliyokufa hupasuka, humwaga kemikali za kuwasha, huiachia ile punje ikiwa nzima, na chembe nyingine huja kuimeza tena. Mzunguko huo ukirudiwa mara nyingi huacha makovu, na kovu halitanuki mtu anapovuta pumzi. Makovu hayo yakienea ndiyo ugonjwa uitwao silikosisi, ambao hauna dawa ya kuyaondoa, na mwenye kuupata hushambuliwa kwa urahisi zaidi na kifua kikuu. Tangu mwaka 1997 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani limeiweka silika ya aina hii inayovutwa kazini katika kundi la vitu vilivyothibitishwa kuwa husababisha saratani kwa binadamu.

Ili upate picha ya kiasi, sheria ya kazi ya Marekani inaruhusu mfanyakazi avute hewa yenye wastani usiozidi maikrogramu 50 (maikrogramu elfu moja hufanya miligramu moja) za silika hiyo laini katika kila mita moja ya ujazo kwa zamu ya saa nane. Sebule ya mita 4 kwa 5 yenye dari ya mita 3 ina mita za ujazo 60. Kwa hiyo miligramu 3 tu zikielea humo zinatosha kukifikia kiwango hicho, na uzito huo ni kama punje 50 za chumvi ya mezani. Fundi wako alimwaga hewani zaidi ya hapo kwa mbali.

Watu wengi hudhani kwamba hatari ni lile wingu jeupe, na kwamba wingu likitulia, hewa imekuwa safi. Mambo ni kinyume chake. Wingu linaloonekana ni la punje kubwa, nazo huanguka upesi. Punje ya maikromita 2 hushuka kiasi cha mita moja tu kwa saa nzima katika hewa iliyotulia, na hewa ya nyumba yenye watoto haitulii kamwe. Mlipokuwa mnakula chakula cha jioni mkiamini mambo yamekwisha, sehemu mbaya zaidi ya vumbi lile ilikuwa bado inaelea mbele ya nyuso zenu.

Hapo ndipo grainda inapoingia katika hesabu. Diski ya milimita 115 inayozunguka mara 11,000 kwa dakika ina ukingo unaokwenda kwa kasi ya kilomita 238 kwa saa, haraka kuliko gari lolote utakaloliona kwenye barabara ya Kampala. Kwa kasi hiyo diski haikati kama kisu kinavyokata. Husaga kila kilicho mbele yake kuwa unga laini, kisha huurusha unga huo hewani. Upana wote wa mfereji unaobaki kwenye bodi umegeuka kuwa vumbi. Fundi huipenda kwa sababu inamaliza haraka na mkono hauchoki, nami siwezi kumlaumu mtu ambaye hakuwahi kuonyeshwa njia nyingine, lakini kwa bodi ya milimita 6 grainda haihitajiki hata kidogo.

Njia ninayokushauri ni kukwaruza na kuvunja, kama fundi wa vioo anavyofanya. Bodi ya saruji hustahimili sana kukandamizwa lakini ni dhaifu inapokunjwa, na ukiichora mstari wenye kina, nguvu zote za kukunja hukusanyika kwenye mstari huo na bodi hukatika hapo. Vumbi linalotoka ni lile la mfereji mwembamba wa kisu pekee, tena punje zake nyingi ni nene na huanguka miguuni pako.

Utahitaji kisu cha kukwaruzia chenye ncha ya kabaidi, yaani metali ngumu sana, ambacho maduka makubwa ya vifaa vya ujenzi huwa nacho. Kisu cha kawaida cha wembe wa kubadilisha kinafaa pia, ila wembe wake hufa baada ya mita chache na utalazimika kuubadilisha mara kwa mara. Ukikosa vyote viwili, chukua kipande cha wembe wa msumeno wa chuma uliokwisha kazi, umwombe mchongaji akuchongee ncha iliyopinda kama ukucha wa paka, kisha uzungushie mpini wa kitambaa kigumu. Nimewaona mafundi wakimaliza chumba kizima kwa kifaa hicho. Zaidi ya kisu, tafuta rula ndefu ya chuma au ubao ulionyooka, klempu mbili, penseli, chupa ya kunyunyizia maji, na meza imara yenye ukingo mnyoofu.

Kabla ya kukata, pima kwa makini, kwa kuwa mkato usiofanyika ndio pekee usio na vumbi kabisa. Bodi yako ya futi nane kwa nne ina milimita 2,440 kwa 1,220. Ikiwa ukuta wa bafu una urefu wa mita 2.4 kwenda juu, isimamishe bodi wima, na karibu usikate kitu chochote upande huo. Ikiwa ukuta una upana wa futi sita, yaani milimita 1,830, weka bodi moja nzima pamoja na nusu ya pili. Bodi moja ikigawanywa katikati kwa mkato mmoja inahudumia kuta mbili. Chora kila ukuta kwenye karatasi, andika vipimo, na utagundua kwamba mikato uliyodhani ni thelathini imepungua hadi kumi na kitu. Kumbuka kwamba bodi moja ina uzito wa takribani kilo 25 hadi 30, kwa hiyo muibebe watu wawili, ikiwa imesimama kwa ubavu; ukiibeba ikiwa imelala itakatika yenyewe katikati.

Ilaze bodi mezani upande wake laini ukiwa juu. Bana rula kwenye mstari kwa klempu, kwa kuwa rula inayoshikwa kwa mkono huteleza na kisu hufuata vidole. Mkwaruzo wa kwanza uwe mwepesi, wa kuonyesha njia tu. Wa pili na wa tatu ukaze mkono. Mikwaruzo minne au mitano kwa kawaida hufikisha kina cha theluthi moja ya unene, yaani milimita 2 kwa bodi zako. Lowesha mstari kwa mnyunyizo mwepesi kati ya mkwaruzo na mkwaruzo, kiasi cha kulaza unga, usilowanishe bodi nzima. Kisha sogeza bodi hadi mstari ulingane na ukingo wa meza, weka kiganja kimoja upande ulio mezani, na kwa kiganja kingine bonyeza upande unaoning'inia kwa tendo moja la haraka bila kusitasita. Wako watengenezaji wanaoelekeza upande ule uinuliwe juu badala ya kubonyezwa chini. Fuata karatasi ya bodi yako, na kwa vyovyote anza na kipande kibovu kati ya vile alivyoacha fundi. Kama bodi zako ni zile zenye wavu wa kioo, itakatika lakini vipande vitabaki vimeshikana kwa wavu wa nyuma, nawe utaukata wavu huo kwa kisu.

Ukingo utakaobaki hautakuwa laini kama wa grainda. Hilo lisikusumbue, kwa kuwa pembe za bafu hufunikwa na vigae au vipande vya urembo. Penye kinundu kinachozuia, kilainishe kwa tupa huku pakiwa na unyevu, na usitumie msasa mkavu, hata wa mkono, sembuse wa mashine. Matundu ya mabomba ndiyo sehemu inayowashinda wengi na kuwarudisha kwenye grainda. Kwa tundu la duara, toboa duara la vitundu vidogo kwa drili iliyowekwa mwendo wa polepole, mahali pakiwa pamenyunyiziwa maji, kisha gonga katikati kwa nyundo ndogo kipande kianguke, na umalizie mzingo kwa koleo. Chagua drili ya betri kwa kazi hii, kwa sababu ya yale maji. Kwa tundu la mraba la swichi, kwaruza pande nne na mistari miwili ya kukatisha kona kwa kona, mbele na nyuma, kisha gonga.

Shemeji yako amesema nusu ya kweli. Maji hulaza vumbi vizuri sana, na mashine za kukatia vigae zimeundwa na tangi la maji kwa sababu hiyohiyo. Lakini grainda ya kawaida ya umeme ina matundu ya kupitishia hewa kwenye mota yake, nayo huyavuta maji pamoja na hewa hiyo. Umeme wa volti 240, sakafu yenye maji, miguu yenye kandambili na waya wa ekstensheni uliolala kwenye dimbwi ni mkusanyiko unaoua mtu mara moja, wakati silika ingechukua miaka. Kama mtengenezaji hakuiwekea mashine mfumo wa maji, usiimwagie maji. Ikiwa baadaye utapata bodi nene za milimita 12 au zaidi zisizokubali kuvunjwa, zipeleke na vipimo vyako kwa fundi wa vigae mwenye mashine ya maji, inayotumia umeme uliounganishwa na kifaa cha kukata umeme ukivuja, au zikate kwa msumeno wa mkono huku mtu wa pili akinyunyizia maji. Tope linalotoka lizolewe likiwa bado bichi, maana likikauka linarudi kuwa vumbi lilelile, na bodi zilizolowa ziachwe zikauke kabla ya kufungwa ukutani.

Imani ya maziwa nimeikuta kwa wapaka rangi, kwa wachomeleaji wa Katwe, Kampala, na kwa wanaofanya kazi kwenye mashine za kusaga unga, na naiheshimu nia iliyoizaa, kwa kuwa mara nyingi ni mwajiri anayetaka kuwajali vibarua wake. Lakini maziwa hupita njia ya chakula kwenda tumboni, na vumbi limepita njia ya hewa kwenda mapafuni. Mtu anapomeza, mlango wa njia ya hewa hujifunga, na tone moja likikosea njia tunapaliwa na kukohoa hadi machozi yatoke. Hakuna mahali maziwa yanapokutana na lile vumbi. Wape watoto maziwa kwa sababu ni chakula kizuri. Ubaya ni kwamba aliyekunywa hujiona ameoshwa, na kesho hurudi kwenye vumbi bila woga.

Barakoa zako za korona ziliundwa kuzuia matone ya mate ya anayeivaa. Zinaacha nafasi mashavuni na kando ya pua, na hewa, kama maji, hupita penye upenyo. Kwa kukwaruza na kuvunja nje ya nyumba hatari ni ndogo, lakini ningependa hata hivyo uvae barakoa ya kuchuja ya N95 au FFP2, yenye mikanda miwili ya kuzunguka kichwa, ibanwe vizuri juu ya pua. Weka viganja juu yake upumue kwa nguvu; ukihisi hewa inatokea pembeni, irekebishe. Haifanyi kazi juu ya ndevu. Vaa pia miwani ya kukinga macho, na saruji ikiingia jichoni, lisafishe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika zisizopungua 15 kisha uende kliniki, hata kama maumivu yamepungua.

Kazi yote ifanyike nje. Kama ni msimu wa mvua, funga turubai uani badala ya kuingia sebuleni, na mvua ikizidi, subiri, kwa maana bafu litakamilika wiki ijayo bila hasara yoyote. Simama upepo ukikupiga ubavuni. Ukiupa mgongo, hewa hujizungusha mbele ya kifua chako na kulivuta vumbi hadi usoni. Lowesha ardhi chini ya meza, funga madirisha ya upande huo, na mtoto awe kwa bibi au kwa jirani siku hiyo hadi utakapomaliza kusafisha. Feni isitumike ndani ya nyumba, kwa kuwa haiondoi vumbi, hulizungusha tu.

Turudi sasa kwenye sebule yako. Kama tangu siku ile mmekuwa mkifagia kwa ufagio mkavu, acheni leo, kwa sababu kila ufagiaji hulirusha upya hewani vumbi lililokuwa limekwisha kutua. Mtoto akiwa hayupo, fungua madirisha na milango, vaa barakoa ya kuchuja na glavu za mpira, kisha anza juu na kushuka: juu ya kabati, mapangaboi ya feni, fremu za madirisha, viti, na mwisho sakafu. Tumia kitambaa kilicholowa na ndoo mbili, moja ya kusuuzia na nyingine ya maji safi, na usiache kitambaa kikauke kabla hujakifua. Mapazia na vitambaa vya makochi vikunjwe taratibu bila kukung'utwa na vipelekwe moja kwa moja kwenye maji. Nguo za fundi na zako za siku ile zifuliwe peke yake. Godoro lipanguswe kwa kitambaa chenye unyevu na lianikwe juani. Rudia kupangusa kesho yake na siku ya tatu, kwa sababu utaona ukungu mwembamba umetua tena. Mashine ya kawaida ya kufyonza vumbi usiitumie, kwani mfuko wake hunasa punje nene na kuzitoa nyuma zile laini. Inayofaa ni yenye kichujio cha hepa pekee, yaani kile kinachonasa hata punje laini. Maji machafu yaache yatuame ndooni. Machicha yake yaingie kwenye mfuko wa taka, yasimwagwe mtaroni, maana saruji hugandia humo.

Kwa mtoto, sishauri ungoje. Mpeleke Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Jinja au kwa daktari anayemjua, hata kama sasa anaonekana mzima, ili dawa zake za pumu zitazamwe upya, kwa kuwa njia za hewa zilizowashwa hubaki nyepesi kubana kwa siku kadhaa. Ikiwa wakati wowote anashindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, ngozi kati ya mbavu inadidimia anapovuta hewa, midomo inageuka kijivu au buluu, au dawa ya kuvuta haimsaidii au inahitajika tena kabla ya muda wa saa nne kupita tangu aivute, hilo ni jambo la hospitali saa hiyohiyo, usiku au mchana. Watu wazima mkiwa na kikohozi kidogo au koo linalowasha, kwa kawaida hutulia ndani ya siku chache. Kikohozi kinachozidi wiki mbili, homa za jioni, jasho la usiku au kupungua uzito vinahitaji kipimo cha kifua kikuu, ambacho katika vituo vya afya vya serikali hakilipiwi. Vumbi lisiwe kisingizio cha kukiahirisha.

Amebaki fundi wako, ambaye ndiye aliye hatarini kuliko nyinyi nyote, kwa sababu nyinyi mlivuta alasiri moja naye huvuta kila wiki. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri amkinge mfanyakazi wake, lakini fundi wa nyumba kwa nyumba hana mwajiri wa kudumu wa kumtetea. Mwite arudi, kwa heshima na bila lawama, mkate naye bodi ya kwanza kwa kisu, na umlipe kwa kazi badala ya kwa saa ili asione kwamba njia ya polepole inamnyang'anya riziki. Kama amefanya kazi hii kwa miaka kumi au zaidi, au anahema anapopanda mlima ambao zamani aliupanda akiimba, mwombe aende kupigwa picha ya kifua na kupimwa nguvu ya pumzi. Mulago, Kampala, kuna Taasisi ya Mapafu ya Chuo Kikuu cha Makerere, ambako anaweza kupewa rufaa. Na atakapokuwa mbele ya daktari, aseme mwenyewe, bila kungoja kuulizwa, kwamba hukata saruji na mawe kwa grainda, na kwa miaka mingapi, kwa sababu makovu ya silika kwenye picha hufanana sana na kifua kikuu, na wako waliopewa dawa za kifua kikuu mara mbili au tatu bila vijidudu kuonekana kwenye makohozi yao, kwa kuwa hawakuulizwa wanafanya kazi gani.